Mji wa Salama na Sheria Yake ya Hofu

Nchi ya Ukingoni haimo katika ramani yoyote niliyowahi kuiona, na laiti ningeikosa. Niliingia huko nikiwa mchuuzi wa sindano na nyuzi, nikakaa majira mazima ya mavuno, na ninayoyasimulia hapa niliyaona kwa macho yangu au niliyasikia kwa watu waliokuwapo. Sikutia chumvi. Nchi ile haina haja ya chumvi yangu.

Ina miji miwili ya kutajwa. Upoleni, mji mkuu, uko nyuma kabisa, mbali na hatari, na wakubwa wake wamekula kiapo kwamba mkono wa mtawala usiguse bunduki kamwe. Salama uko mbele, kwenye ukingo wa msitu, na watu wake wamekula kiapo kwamba mkono wa muumini usikose bunduki kamwe. Miji yote miwili husoma kitabu kimoja kitakatifu, na kila mmoja humwombea mwenzake aongoke.

Huko Salama nilipata chumba kwa mjane mmoja mfumaji, jina lake Tirza. Mumewe, Yoktani, alikuwa ameuawa na Watu wa Msitu alipokuwa akinywesha ng'ombe mtoni. Tirza alikuwa mwanamke wa maneno machache. Alinipa uji, akaniangalia mabega, kisha mikono.

"Bwana mgeni, bunduki yako iko wapi?"

"Sina, mama. Nauza sindano."

"Basi kesho ibadani utaketi na watoto."

Na ndivyo ilivyokuwa. Sheria ya Salama inasema kila nyumba lazima ipeleke bunduki ibadani, na ikiwa mume amekufa, mjane ataibeba. Mlangoni pa nyumba ya ibada walisimama wazee wa zamu, wakichungulia mitutu kabla hawajawaamkia watu. Kila benchi lilikuwa na tundu la kusimamishia bunduki pembeni mwa mwenyewe. Kuta zilikuwa nene, zimetobolewa matundu ya kupitishia risasi, hata mwanga wa asubuhi uliingia kwa vipande. Mbele kulikuwa na watoto wachanga wa kubarikiwa na bunduki mpya za kubarikiwa. Bunduki zilitangulia.

Aliyezibariki alikuwa Hagai, mtu mrefu mwenye sauti nzuri, ambaye ndiye mchungaji wa Salama na ndiye mkuu wa jeshi lake. Watu humwita Mchungaji Kapteni. Alihubiri vizuri, lazima niseme kweli. Alihubiri juu ya upendo.

Tulikuwa katikati ya wimbo bunduki ilipolia. Moshi ulitanda, wanawake wakalala juu ya watoto wao, na moshi ulipoondoka tukamwona mzee mmoja, mshona viatu, ameshika sikio lake na damu inachuruzika kwenye kola. Nilidhani wataita mganga. Waliita baraza, palepale, mabenchi yaleyale.

"Nani amefyatua?" akauliza Mchungaji Kapteni.

Kijana wa benchi la kati akasimama. "Ni mimi. Niliogopa. Nilisikia kitu nyuma yangu."

"Waapa kwamba uliogopa?"

Kijana akaweka kiganja juu ya kitako cha bunduki yake. "Naapa."

"Basi huna kosa. Nini kilikuogopesha?"

Ikachunguzwa, ikaonekana kwamba yule mzee alikuwa amekohoa. Akaambiwa asimame. Akasimama, sikio lake mkononi, akamwomba kijana radhi kwa kukohoa bila kuonya. Kijana akamsamehe. Wimbo ukaendelea pale ulipokuwa umekatika.

Tuliporudi nyumbani nilimuuliza Tirza kama macho yangu yaliona sawasawa.

"Uliona sawasawa," alisema. "Hiyo ndiyo Sheria ya Hofu. Anayeapa kwamba aliogopa hana hatia."

"Na yule aliyeogopwa?"

"Huyo ndiye mwenye hatia ya kuogopesha."

"Naye akiapa kwamba aliogopa zaidi?"

"Kiapo huwekwa juu ya bunduki, bwana. Asiye na bunduki hana pa kuweka mkono. Hawezi kuapa, na asiyeweza kuapa hawezi kusema barazani." Akaivuta bunduki ya Yoktani karibu, akaifuta vumbi kwa ukingo wa kanga yake. "Ndiyo maana naitunza. Siipendi. Lakini ndiyo ulimi wangu."

Chini ya Salama kuna bonde lenye mto, na watu wake huitwa Wabondeni. Zamani walikuwa ndugu wa Watu wa Msitu. Waliipokea imani, wakajenga nyumba za magogo, wakaacha kupigana. Tirza alikuwa na desturi ya kwenda kwao kubadilisha nguo kwa asali, nami nikafuatana naye. Alitupokea shemasi wao, Simeoni, mzee wa kicheko kirefu, na binti yake Lami aliyekuwa na mtoto mgongoni.

Tulikaa tukala mahindi ya kuchoma. Niliona upande mmoja wa shamba umefumuliwa ovyo.

"Nguruwe-mwitu," alisema Simeoni. "Zamani tulikuwa tunawapiga. Sasa tunawapigia makofi."

"Bunduki zenu ziko wapi?"

"Tulizitoa siku ya ubatizo. Mchungaji Kapteni alitwambia aliyeokoka hana haja nazo."

"Na wao wa Salama, hawajaokoka?"

Simeoni akacheka mpaka akajifuta machozi. "Baba, swali hilo nililiuliza mimi mwenyewe. Nikajibiwa kwamba wao wameokoka zamani, kwa hiyo wanajua kuzitumia."

Lami hakucheka. "Mweleze na yale mengine, baba. Mweleze kwamba yule bwana huja kutuombea, na akisema amina huinama akachota udongo wetu, akaufinyanga kiganjani, akausifu."

"Udongo ni mzuri," alisema Simeoni. "Acha ausifu. Alinizamisha majini kwa mikono yake miwili, akanitoa. Mtu aliyekutoa majini hawezi kukusahau."

Haukupita muda mrefu Watu wa Msitu walishuka alfajiri kwenye shamba la mwisho la Salama, kwa mtu aitwaye Elkana. Nilikwenda na wengine kuzika. Alikuwapo Elkana, na mkewe, na mama yake mkongwe aliyekutwa karibu na zizi. Elkana alikuwa na bunduki mbili, zote zimejazwa, zote zimetundikwa ukutani juu ya kitanda. Sitaki msomaji adhani kwamba hofu ya Salama ilikuwa ya kubuni. Niliwabeba wale maiti. Nilirudi nikiogopa kama mtu mwingine yeyote.

Kutoka Upoleni akaja mjumbe wa serikali, Azaria, mtu msafi aliyevaa kanzu ya kijivu. Baraza likakaa. Watu wa Salama walimwomba walinzi.

"Walinzi hubeba bunduki," alisema Azaria kwa upole. "Mikono ya serikali ni safi."

"Basi tupeni baruti tu."

"Baruti ni bunduki iliyosagwa."

"Basi mtatupa nini, mheshimiwa?" akalia ndugu yake Elkana. "Kaka yangu amelala katika kaburi bichi! Mtatupa nini?"

"Tutawaombea. Na tunawasihi msiwe na chuki."

Mchana huohuo akaondoka. Kwa kuwa njia ilikuwa ya hatari, alisindikizwa na watu wa Salama wenye bunduki. Yeye alitembea mbele yao, hageuki nyuma, ili asizione.

Baraza likaendelea bila yeye. Wengine walitaka kuwafuata Watu wa Msitu. Mmoja akasema ukweli uliokuwa kooni mwa wote: "Wako mbali, na wana bunduki."

"Wabondeni wako karibu," alisema Mchungaji Kapteni.

Kisha ukaanza mjadala, na nitaueleza kama ulivyokuwa, maana sijawahi kusikia watu wazima wakijadiliana hivyo kwa nyuso zisizo na aibu. Suala halikuwa kama Wabondeni wana kosa. Hakuna aliyesema wana kosa. Suala lilikuwa hili: je, mtu akitoka kwake, akateremka kilima, akavuka mto, akafika kwa mwenzake asiye na silaha, bado anajilinda? Mzee mmoja alisema hapana, kujilinda ni pale ulipo. Mwingine akasema pale ulipo ni popote unapofika. Mchungaji Kapteni akawapatanisha.

"Ndugu zangu, hofu haina miguu. Lazima mtu aibebe mpaka kule inakotoka."

Tirza akasimama, kiganja juu ya bunduki. "Mimi ni mjane wa Yoktani. Kama kuna mtu humu mwenye haki ya kisasi, ni mimi na huyu ndugu yake Elkana. Waliomuua mume wangu nawajua, walikuwa Watu wa Msitu, na siku ile Simeoni ndiye aliyenibebea maiti yake mpaka mlangoni. Sikumtuma mtu yeyote Bondeni. Asiende mtu kwa jina langu."

Maneno yale yaliwagusa. Ndugu yake Elkana mwenyewe aliinamisha kichwa. Mchungaji Kapteni, aliyekuwa mwepesi kusoma upepo, akainua mikono akasema dada yetu ametukumbusha huruma. Basi Wabondeni wasidhurike. Waletwe Salama, wakae katika nyumba ya ibada, chini ya ulinzi, mpaka hatari ipite. Watu wakashangilia. Hata mimi nilishusha pumzi.

Walikuja wakiimba, na vyungu vyao, na mikeka yao. Simeoni alimpa Mchungaji Kapteni mkono mlangoni. Walipokwisha kuingia wote, mlango ukafungwa kwa komeo la nje.

Ulinzi ulikuwa kwa zamu, kila nyumba siku yake. Asubuhi ya zamu ya Tirza nilikwenda naye. Tulikuta mji kimya, milango imefungwa, na kuku tu barabarani. Tirza akasimama akasikiliza.

"Bwana," alisema, "zunguka nyuma. Kuna dirisha la chumba cha mavazi, ubao wake umeoza. Uvunje."

"Kuna nini?"

"Vunja tu."

Nikazunguka. Niliukuta ubao, nikaupiga kwa jiwe. Nilikuwa bado napiga niliposikia vishindo vya watu wengi upande wa mbele, kisha sauti ya Mchungaji Kapteni ikisema, "Dada Tirza, fungua."

Kupitia tundu la ukuta, na tundu jingine lililolielekea upande wa mbele, nilimwona Tirza mgongo. Alikuwa ameinua bunduki ya Yoktani na mtutu ulimwelekea mchungaji kifuani.

"Naogopa," alisema.

Wale wanaume walisimama. Walikuwa wamekuja kuua, lakini walikuwa watu wa sheria. Mwenye bunduki amesema anaogopa, na sheria yao haikuwa na neno lingine lolote la kuongeza. Wakatazamana.

"Unamwogopa nani?" akauliza mmoja.

"Nawaogopa ninyi. Naapa. Mkono wangu uko pale unapotakiwa kuwa."

Basi wakaanza kujadiliana, pale barabarani, bunduki mikononi, kama mwanamke aweza kumwogopa mchungaji wake. Wapo waliosema sheria haikumtaja mchungaji. Wapo waliosema hofu ya kondoo kwa mchungaji ni utovu wa imani. Mjadala ulipamba moto, nami nyuma ya nyumba ubao ukakatika.

Dirisha lilikuwa jembamba. Alipita Lami na mwanawe, wakapita wasichana, wanawake wembamba, vijana, mmoja baada ya mwingine, wakiparuzwa na misumari bila kutoa sauti. Simeoni alikuwa ndani akiwanyanyua. Ikafika zamu ya waliobaki, wazee na wagonjwa, nao hawakuweza kupenya.

"Wewe unaweza," nilimwambia. "Toa mkono, Shemasi!"

"Mimi naweza. Hawa je?"

"Watakuua!"

Alinitazama, na mara hii hakukuwa na kicheko usoni mwake. "Yule bwana alinizamisha majini akanitoa. Nataka anitazame. Nenda na mwanangu, baba. Hajui njia ya upande huu."

Nilikwenda. Nyuma yetu nilisikia Mchungaji Kapteni akitoa hukumu kwa sauti yake nzuri: kwamba hofu ya Tirza si hofu inayotajwa na sheria, kwamba ni hofu isiyo halali. Wakamshika. Baadaye nilimuuliza kwa nini hakufyatua. Alijibu, "Ningefyatua, wangekuwa wameogopa kweli. Sikutaka kuwapa hicho."

Walifanya bila hicho. Tulikuwa ukingoni mwa msitu tuliposikia wazee wakianza wimbo, kisha bunduki, nyingi kwa pamoja, kisha moja moja. Lami alisimama ameziba masikio ya mwanawe, si yake mwenyewe. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaingia msituni na wenzake, wakaenda kwa wale ndugu zao wa zamani, maana hawakuwa wamebakiwa na wengine.

Mimi nilirudi Salama, kwa sababu Tirza alikuwa huko.

Kesi ilisikilizwa katika nyumba ileile ya ibada, sakafu yake bado ina maji. Wale waliofyatua walisimama mmoja mmoja, kila mmoja na kiganja juu ya kitako, akaapa kwamba aliogopa. Hakimu alikuwa Mchungaji Kapteni, ambaye naye aliapa, akajihukumu, akajiachilia.

"Mliogopa nini?" aliuliza mzee mmoja, yule aliyesema kujilinda ni pale ulipo.

"Waliimba kwa lugha yao," wakajibu.

Nikasimama. Nilisema wale walikuwa wakongwe, kwamba mmoja wao hakuweza kusimama bila kushikwa, kwamba walifungiwa kwa nje na waliowafungia ndio waliowaua, na kwamba kama hii ni hofu basi simba naye humwogopa mbuzi. Nilipiga kelele. Sioni haya kusema hivyo. Mlinzi wa mlango aliniuliza kwa adabu bunduki yangu iko wapi, na alipoona sina, akaandika kwamba mahali pale palikuwa kimya.

Tirza alinyang'anywa bunduki ya Yoktani, na kwa hiyo akanyang'anywa ulimi. Siku iliyofuata kamba za kupimia mashamba zilikuwa zimenyooshwa Bondeni, kutoka mtoni mpaka kilimani, na Mchungaji Kapteni alikuwa ameinama, akichota udongo.

Tirza akafunga mlango wa nyumba yake. "Twende Upoleni," alisema. "Wale hawana bunduki. Labda wana masikio."

Upoleni ni mji mzuri, maua kila dirisha. Baraza lake hukutana katika ukumbi mweupe wenye madirisha makubwa yanayotazama soko. Azaria alitupokea kwa upole uleule. Alikuwa amekwisha kusikia habari, na baraza lilikuwa limefanya ibada ya shukrani, kwa kuwa katika msiba ule wote hakuna mtu wa Upoleni aliyegusa silaha.

"Nimekuja kutoa ushahidi," alisema Tirza.

"Karibu, dada. Kwanza, kama ilivyo desturi, nyosha mikono. Mikono hii imewahi kushika bunduki?"

"Imeshika."

"Kwa nia ya kutisha?"

"Niliiinua mbele ya watu waliokuja kuua. Walipokuwa wakibishana, walio wengi walitoroka."

Azaria akafumba macho kama mtu aliyeumwa jino. "Tunakuhurumia sana. Lakini katika ukumbi huu hatuwezi kumsikiliza mwenye mikono ya namna hiyo."

"Salama hawanisikilizi kwa sababu sina bunduki. Ninyi hamnisikilizi kwa sababu niliwahi kuwa nayo. Basi nisemee wapi?"

Hapo niliwaambia nilichokuwa nimekitunza kifuani njia nzima. Niliwaambia kwamba mikono yao ni safi kwa sababu damu humwagwa Salama kwa niaba yao. Niliwaambia kwamba ndugu yake Elkana aliwaomba walinzi akapewa mawaidha, kwamba Simeoni aliwaamini wote wawili, wenye bunduki na wasio nazo, akafa katikati yao. Mzee mmoja akainua kidole.

"Ndugu mgeni, hii ni nyumba ya amani. Punguza sauti."

Tirza hakuwa akisikiliza tena. Alitembea mpaka mbele, akaketi katika kiti cha mwenyekiti, akaweka mikono yake juu ya magoti, wazi, waione.

"Nitakaa hapa mpaka nisikilizwe."

Wakamsihi aondoke. Hakuondoka. Hawakuweza kumshika, kwa kuwa kiapo chao kinakataza mtu kumwekea mwenzake mkono wa nguvu, na hawakuwa na mlinzi hata mmoja. Walinong'ona. Waliomba. Mwishowe walifanya jambo pekee ambalo dini yao iliwaachia: wakasimama kwa utaratibu, wazee kwanza, wakatoka wote, wakahamishia baraza lao katika ghala la jirani.

Ukumbi ukabaki mtupu. Tirza akaniomba nifungue madirisha. Nikayafungua yote. Chini sokoni watu walikuwa wakiuza vitunguu na vyungu, wachukuzi wakipita na magunia. Akaanza kusema, kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayesimulia jikoni: jina lake, jina la mumewe, na jinsi Simeoni alivyombebea maiti mpaka mlangoni. Mama mmoja mwenye kikapu akasimama chini ya dirisha. Kisha akapanda ngazi, akaingia, akaketi benchi la mbele. Wachukuzi wawili wakatua mizigo yao, wakaingia pia.

Nilipouacha mji ule alikuwa bado anasema, na watu walikuwa bado wanaingia.